Majina Hayapigani

Mara ya kwanza kuangalia Superman, ile ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Richard Donner, sikuuona mwanzo wake. Ilikuwa kwenye kibanda umiza, kanda imechakaa, na mwenye kibanda alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeipinga: majina yakianza tu kupita, anabonyeza kitufe cha kupeleka mbele. Siku moja kuna jamaa alimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akajibu bila hata kugeuka, "Majina hayapigani." Watu wakacheka, hoja ikafungwa.

Nilikubaliana naye kwa miaka mingi. Halafu hivi karibuni nikaitafuta tena ile filamu, nikavaa spika za masikioni, nikaiacha ianze yenyewe toka mwanzo kabisa. Dakika tano na ushei za majina matupu. Nikarudia. Nikarudia tena. Mwenye kibanda alikuwa amekosea, tena vibaya. Majina yale yanapigana, na baadhi yake yalikuwa vitani miaka 40 kabla ya kufika pale kwenye skrini.

Tuanze na kinachoonekana. Filamu ya gharama kubwa, iliyopigwa kwa ajili ya skrini pana, inaanza na pazia. Pazia linafunguka, na ndani yake kuna skrini nyingine ndogo, ya umbo la karibu mraba kama sinema za zamani, picha nyeusi na nyeupe. Tunaona tarehe: Juni 1938. Mkono wa mtoto unafunua kijitabu cha katuni cha Action Comics, na sauti ya mtoto inasoma habari za jiji la Metropolis wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na za gazeti moja la jiji hilo, Daily Planet, ambalo watu walilitegemea kwa ukweli. Mchoro wa jengo la gazeti unayeyuka na kuwa jengo lenyewe, na ile tufe kubwa inayozunguka juu ya paa. Kamera inanyanyuka, inaiacha tufe, inaifuata mbingu, inaupita mwezi.

Juni 1938 ndiyo tarehe iliyochapishwa kwenye toleo la kwanza la Action Comics, lililomleta Superman duniani. Ila hapo kuna kosa dogo ambalo mimi nalipenda: mwaka 1938 Daily Planet halikuwepo. Katika katuni za mwanzo Clark Kent aliajiriwa na gazeti lililoitwa Daily Star, na jina la Daily Planet likaja mwaka 1940. Na Superman wa toleo la kwanza alikuwa haruki angani kama tunavyomjua. Alikuwa anaruka kama panzi, mruko mmoja mrefu, kisha anatua. Kwa hiyo yule mtoto anatusomea kumbukumbu iliyokwisha kupigwa pasi. Watengenezaji walitaka tukumbuke utoto, na utoto haukumbukwi kwa kuangalia kalenda.

Baada ya mwezi, ndipo jambo linapotokea. Jina la mtayarishaji, Alexander Salkind, linakuja kwa kasi likiwa mkia wa mwanga wa buluu, na linapofika haliishii ndani ya ile skrini ndogo. Linaivunja mipaka. Ile mraba nyeusi na nyeupe haitoshi tena, picha inapanuka hadi pembe zote za skrini pana, na tumo angani katikati ya nyota. Miaka 40 ya teknolojia ya sinema imepitwa kwa sekunde chache, na hakuna hata mtu mmoja aliyetokea kutueleza chochote. Mimi sijaona mwanzo wa filamu ya shujaa unaosema mengi hivi kwa kubadilisha ukubwa wa picha tu.

Kazi hii ilifanywa na Richard Greenberg na wenzake wa R/Greenberg Associates, kampuni aliyoianzisha pamoja na ndugu yake Robert mwaka 1977 huko New York. Kompyuta hazikuwa zimefika hatua ya kuchora vitu vya namna hii. Ukitaka kuelewa walivyofanya, fikiria picha ya barabara iliyopigwa usiku huku mlango wa lenzi ukiachwa wazi kwa sekunde kadhaa: magari hayaonekani, zinaonekana taa zao tu zimevutika kama nyuzi. Sasa badala ya gari weka jina la mtu lililokatwa kwenye bamba jeusi na kumulikwa kwa nyuma. Kamera inasogea kwenye reli yake wakati mlango wa lenzi uko wazi, na fremu moja tu ya filamu inapata mkia mzima wa mwanga. Halafu fremu inayofuata hivyohivyo, kwa tofauti ya kijisehemu kidogo. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe ya dakika tano.

Mbinu hii ina ndugu yake mkubwa. Miaka kumi kabla, katika 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, Douglas Trumbull alitumia kamera na mwanya mwembamba kutengeneza ile safari ya mwanga karibu na mwisho wa filamu. Na mpigapicha mkuu wa 2001, kabla ya John Alcott kuimalizia, alikuwa Geoffrey Unsworth, huyohuyo aliyepiga Superman. Unsworth alifariki Oktoba 1978, kama wiki sita hivi kabla ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, na filamu ikatolewa kwa kumbukumbu yake. Sisemi kwamba mikia ya majina ilitoka kwake. Ila ukijua hilo, ile buluu inayopita gizani haikuachi kirahisi.

Kitu kingine nilichokigundua nikirudia mara ya nne au ya tano ni mwelekeo wa safari yenyewe. Tunaondoka duniani, tunapita mwezi, tunazama ndani ya anga za mbali, na majina yanapokwisha tunafika kwenye jua jekundu na sayari ya Krypton, ambako hadithi inaanzia. Yaani tumeipita njia ya yule mtoto kinyumenyume. Yeye atapelekwa toka Krypton hadi Kansas, sisi tumekwenda kumchukua. Hakuna maandishi yanayosema hivyo. Mwili wako ndio unaoelewa, kwa sababu umekaa dakika tano ukisukumwa upande mmoja.

Sasa masikio. Superman alipata sauti kabla hajapata mwili wa mtu kwenye skrini. Tarehe 12 Februari 1940 kipindi chake cha redio kilianza Marekani, na watu wa redio walikuwa na tatizo ambalo mchoraji hana: shujaa akiruka, msikilizaji ataonaje? Wakampa upepo. Mvumo unapanda, unapita, unakatika, na watu mtaani wanabishana kilichopita angani ni ndege mnyama au ndege ya abiria. Bud Collyer, aliyekuwa sauti yake, alisema maneno ya Clark Kent kwa sauti nyembamba, na akifika kwenye zamu ya Superman sauti inashuka ghafla na kuwa nzito, katikati ya sentensi. Mtoto aliyekaa karibu na redio alijua koti limeshavuliwa. Mfululizo wa televisheni wa miaka ya 1950, wa George Reeves, ulirithi utangulizi huo karibu mzima: mtangazaji, mlio wa risasi, treni, kisha mvumo. Picha zilifuata kile ambacho masikio yalishakizoea.

Kwa hiyo mwaka 1978, kila jina linapopita na kile kivumo chake, si pambo tu. Ni upepo wa redio ya 1940 umerudi. Tofauti ni kwamba shujaa mwenyewe bado hajatokea, wala hatamwona mtu kwa muda mrefu. Wanaoruka ni wapiga picha, wahariri, washoni wa nguo, waigizaji. Wamepewa sauti yake.

Na juu ya vivumo hivyo kuna John Williams, akiongoza okestra ya London Symphony. Watu wengi tukiukumbuka muziki huu tunaimba lile gwaride, pam-pam, tarumbeta zote kwa pamoja. Lakini sikiliza unavyofika pale. Unaanza chini, mapigo ya haraka yanayorudiarudia kwenye vyombo vizito, kama mtu anayejizuia kukimbia. Mapigo hayo yanakwenda matatumatatu, si mawilimawili kama gwaride la askari, na hapo ndipo ulipo ujanja: wimbo wa mbilimbili unakanyaga ardhi, wa tatutatu una mdundo wa kuinuka. Tarumbeta zinaita, zinanyamaza, vyombo vingine vinaongezeka ngazi baada ya ngazi, hadi nembo ya S inapojaa skrini na jina la filamu linapotokea. Pale kileleni kuna noti tatu zinazolingana kabisa na silabi za jina lenyewe, Su-per-man. Okestra inatamka. Donner alisimulia kwamba alipousikia ukipigwa studioni alishindwa kujizuia, akapiga kelele za furaha, akaharibu rekodi. Namwelewa.

Katikati ya gwaride hilo Williams anaingiza kitu laini, ile dhamira ya mapenzi ya Lois na Clark, fidla zinachukua nafasi, halafu shaba inarudi. Huyo Lois hatujamwona bado. Muziki umetupa hadithi nzima kwa muhtasari, na sisi tunadhani tunasoma majina.

Haya, tuyasome sasa. Anayeanza ni Marlon Brando. Kisha Gene Hackman. Kisha Donner na jina la filamu. Christopher Reeve, ambaye ndiye Superman, ambaye bila yeye hamna filamu, anakuja baada ya jina la filamu. Brando alilipwa dola milioni 3.7 pamoja na asilimia ya mapato kwa kuonekana dakika chache kama baba yake shujaa. Reeve alikuwa hajulikani. Wafadhili walihitaji majina makubwa ili fedha zipatikane, na mpangilio wa majina ukawekwa kufuata fedha. Kuna na jina la Tom Mankiewicz, aliyeuandika upya mswada. Donner alimpa nafasi yake mwanzoni mwa filamu kama mshauri wa ubunifu, na chama cha waandishi kikalalamika, kwa sababu waandishi wenye haki ya kutajwa walikuwa wengine. Ukiliangalia jina lake linavyoruka kwa raha zake huwezi kudhani kuna watu walikaa mezani wakalibishania.

Halafu, ndani ya msururu huohuo, kwa herufi za buluu zilezile na kivumo kilekile, linapita jina la wale waliomwumba Superman: Jerry Siegel na Joe Shuster.

Nilisimamisha filamu hapo.

Siegel na Shuster walikuwa vijana wa Cleveland, Ohio, wote wamezaliwa mwaka 1914, waliokutana shule ya sekondari. Mmoja anaandika, mwingine anachora. Walimhangaikia Superman miaka kadhaa, wakikataliwa huku na huku, hadi Machi 1938 walipomuuza, yeye na haki zake zote, kwa dola 130. Kurasa 13, dola 10 kila ukurasa. Hundi yenyewe ilikuwa ya dola 412 kwa kuwa ilijumuisha malipo ya kazi nyingine, na hundi hiyo ipo hadi leo. Majina yao yote mawili yamekosewa tahajia. Ilibidi nyuma yake watie saini mara mbili, mara ya kwanza kwa jina lililokosewa na mara ya pili kwa jina lao halisi, ndipo benki iwape hela. Mwaka 2012 karatasi hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 160,000.

Mwaka 1947 walikwenda mahakamani kudai haki zao. Waliishia kupata kama dola 94,000 za kumaliza shauri, na gharama za mawakili humo humo. Walichopoteza ni kikubwa zaidi: majina yao yakaondolewa kwenye katuni. Hebu fikiria mtoto wa miaka ya 1950 au 1960 anayesoma Superman kila mwezi. Kwake yeye Superman hakuandikwa na mtu. Alitokea tu, kama mvua.

Ilipofika mwaka 1975, Siegel alikuwa karani wa kupiga chapa Los Angeles, afya imelegea. Shuster alikuwa New York anaishi na ndugu yake, macho yake karibu yamekufa, mchoraji asiyeona. Siegel akasikia kwamba haki za kutengeneza filamu ya Superman zimeuzwa kwa mamilioni. Akakaa kwenye mashine yake, akaandika waraka mrefu wa kurasa kadhaa akiilaani filamu hiyo kabla haijapigwa hata fremu moja, akautuma kwa vyombo vya habari kila alikoweza. Laana ya kweli, si mafumbo. Wachoraji wawili wenye jina, Neal Adams na Jerry Robinson, wakalichukua suala hilo na kulizungusha kwenye magazeti na televisheni hadi kampuni ikaona aibu. Filamu kubwa ilikuwa njiani, na hakuna aliyetaka izinduliwe na wazee wawili maskini wakiwa mlangoni.

Makubaliano yalifikiwa Desemba 1975. Kila mmoja alipwe dola 20,000 kwa mwaka, na matibabu. Kwa kampuni yenye mali kama ile, hizo zilikuwa fedha ndogo, nasema hivyo bila haya. Lakini kulikuwa na sharti jingine, ambalo Robinson alilisimamia kwa ukali, na ndilo lililonifanya nisimamishe filamu: majina yarudi. Kwenye katuni, na kwenye filamu.

Kwa hiyo ukiangalia tena ule mwanzo ukiwa na habari hii, kila kitu kinabadilika uzito. Tarehe ya Juni 1938 si ya kutuliwaza tu na utoto. Ni mwezi uliochapwa kwenye jalada la kazi yao, miezi mitatu baada ya ile hundi. Yule mtoto anayesoma haoni jina la mtu. Na pale mraba mweusi na mweupe unapopasuka na majina kuanza kutoka kwa kasi, ndani yake wamo wawili ambao kwa karibu miaka 30 walikuwa wamefungiwa nje. Greenberg hakuwapa kitu cha pekee. Hawakuwekewa rangi yao wala kivumo chao. Wanapita kama Brando anavyopita. Mimi naona hapo ndipo palipo heshima yenyewe, ingawa najua yupo atakayesema walistahili kusimama peke yao, skrini nzima, kabla ya mtu mwenye dola milioni 3.7. Naye nitamkubalia.

Filamu zilizofuata zinaonyesha jinsi mahali hapa panavyoweza kutumika vingine. Superman II, ya mwaka 1980, inaanza kwa kutukumbusha matukio ya filamu ya kwanza katikati ya majina, lakini Brando amekatwa, hayumo, kana kwamba Krypton haikuwahi kuwa na huyo mzee. Palikuwa na ugomvi wa fedha. Donner naye alikuwa ameshafukuzwa, na aliyetajwa kama mwongozaji ni Richard Lester, japo sehemu ya tunayoyaona ilipigwa na Donner. Superman III ya 1983 iliyaweka majina juu ya vichekesho vya watu wanaoanguka barabarani, na sina la kuongeza. Mwaka 2006 Bryan Singer alirudisha mikia ya buluu na gwaride la Williams katika Superman Returns, safari hii kwa kompyuta. Ni safi mno. Kila mkia umenyooka kuliko ule wa Greenberg, na mimi bado narudi kwenye ule wa 1978.

Siku hizi mwanzo wa namna hii ni nadra. Man of Steel ya mwaka 2013 inaingia moja kwa moja kwenye hadithi, mama yuko kwenye uchungu wa uzazi Krypton, hakuna cha pazia wala majina. Majina yako mwishoni. Shuster alikuwa ameshafariki mwaka 1992, na Siegel mwaka 1996. Nilikaa hadi yakapita, taa za ukumbi zimeshawashwa, kijana wa usafi anapita na mfagio kati ya viti. Jerry Siegel na Joe Shuster walipanda polepole toka chini kwenda juu, wametajwa kuwa ndio waliomwumba Superman, pamoja na mstari unaosema kwamba kuna makubaliano maalumu na familia ya Siegel. Hakukuwa na kivumo. Tulikuwa watatu ukumbini, tukimhesabu yule kijana wa mfagio.